Mwongozo kamili: Kutembea kwa mguu kandokando ya Ziwa Kivu, Rubavu mpaka Karongi, bila kukwama siku ya pili

Nimeandika hii kwa sababu nimechoka kupokea simu ileile. Mtu anapiga saa tisa mchana, yuko Nkora, kijiji cha njiani huko Rwanda, au karibu na hapo, kisigino kimechubuka, maji yameisha, anauliza pikipiki ya kumrudisha Rubavu ni faranga ngapi. Na hiyo ni siku ya pili tu. Jana yake alikuwa anaposti picha za machweo.

Wanaokwama sio wavivu wala wagonjwa, wengine ni watu wa jimu kabisa wananizidi kifua. Kosa lao ni moja. Wanafungua ramani, wanaona njia inafuata maji, wanasema aah ufukweni si tambarare tu. Kivu sio Coco Beach bhana. Ule ufuko umekatikakatika kama vidole vya mkono, rasi inaingia majini, ghuba inaingia nchi kavu, na kila kidole ni kilima unachopanda halafu unashuka mpaka karibu na maji halafu unapanda tena. Kilomita ishirini za pale sio kilomita ishirini za Morogoro Road.

Kwaiyo mwongozo mzima umesimama hapa: hesabu masaa, achana na kilomita. Kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Njia yenyewe inaitwa Congo Nile Trail, iko Rwanda, urefu wake wote ni kilomita 227 kutoka Rubavu (wengi bado wanaiita Gisenyi) mpaka Rusizi kule kusini, na yote kwa mguu inachukua kama siku kumi. Mi hapa naongelea nusu ya kaskazini tu, Rubavu mpaka Karongi (Kibuye), siku nne au tano. Ndio sehemu inayopita vijijini hasa. Kusini unakula lami sana, ukimaliza hii ya kaskazini na bado una miguu, utaamua mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

Viatu ulivyokwisha kuvivaa. Sio lazima buti za bei mbaya, raba yenye meno chini inatosha kabisa kipindi cha kiangazi, ila iwe imetembea na wewe angalau wiki tatu. Kiatu kipya ndio chanzo cha nusu ya zile simu.

Soksi jozi tatu, sio za pamba tupu. Pamba ikishika jasho haikauki, na soksi mbichi inasugua.

Begi lisilozidi kilo saba au nane pamoja na maji. Pima, usikadirie kwa kunyanyua. Laptop acha, jinzi acha, taulo kubwa acha, beba kitenge au kikoi kinakauka haraka na kinafanya kazi kumi.

Chupa za kubeba lita mbili za maji, na vidonge vya kutibu maji. Vijiji vipo vingi lakini kati ya duka na duka unaweza kutembea masaa matatu.

Koti la mvua, na mfuko wa kitambaa usiopitisha maji wa kuwekea nguo na nyaraka. Sikiliza hapa: usije na mifuko ya nailoni. Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008 na mpakani wanaangalia kweli, utafunguliwa begi na mifuko yako yote itabaki pale, halafu nguo zako zinaloa siku ya kwanza ya mvua kwa sababu ndio ulikuwa umezifungia humo.

Simu yenye ramani ya ofulaini umeshaipakua kabla, pawabenki iliyojaa, na laini ya Rwanda. Mtandao unapotea ukishuka kwenye mabonde, unarudi ukipanda.

Faranga taslimu, noti ndogondogo. MoMo (pesa za simu) inafanya kazi sehemu nyingi ila mama anayeuza ndizi njiani hawezi kukuchenjia elfu tano.

Pasipoti. Wakenya na Waganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, sisi Watanzania tusidanganyane na NIDA, beba pasipoti. Na kopi yake uiweke mfuko tofauti.

Halafu vidogovidogo: plasta, sindano, spiriti, pakiti nne za ORS, dawa ya mbu, tochi ya kichwani, kofia. Na karatasi. Ndio, karatasi ya kawaida yenye majina ya vijiji kwa mpangilio, kazi yake utaiona hatua ya tano.

Hatua ya 1: Chagua tarehe vizuri

Nenda Juni mpaka katikati ya Septemba, au katikati ya Desemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei ni masika, usithubutu. Udongo wa kule ukiloa unakuwa kama sabuni, na milima inaporomoka. Mei 2023 mvua ya usiku mmoja ilileta mafuriko na maporomoko, watu zaidi ya 120 wakafa, wengi wao wilaya hizihizi unazopita, Rubavu, Rutsiro, Karongi. Oktoba na Novemba nako mvua ipo.

Radi nazo ni za kuogopa, Rutsiro inapigwa sana. Hata kiangazi wingu likianza kujikusanya juu ya ziwa mchana, shuka kutoka mgongo wa kilima, usijibanze chini ya mti, ingia dukani au nyumba ya watu uombe kusubiri. Hakuna atakayekukatalia.

Kitu kingine wanachosahau wote: angalia kalenda usianze Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo ni umuganda, nchi nzima iko kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa, magari hamna, na wewe ukipita umebeba begi lako katikati ya watu wanaochimba mtaro utasimamishwa uulizwe. Kama tarehe imeangukia hapo, chukua jembe mkalime wote mpaka saa tano, inaruhusiwa na ni raha, ila usiiweke kwenye hesabu ya kutembea.

Tarehe ni nzuri kama una siku moja ya akiba mbele na huna tiketi ya basi la kuwahi siku unayomaliza.

Hatua ya 2: Jaribu mwili na begi, pamoja

Wiki tatu kabla, kila wikiendi tembea masaa matano na begi lilelile na viatu vilevile. Uwe na kilima. Kama unaishi Dar na huna kilima, ngazi za ghorofa zinasaidia, panda na ushuke, kwa sababu kinachoua magoti ni kushuka.

Kumbuka pia ziwa lenyewe liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na njia iko juu ya hapo. Mtu wa pwani siku ya kwanza anahema, ni kawaida.

Ukimaliza masaa matano na kesho yake ukaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, uko tayari. Ukishika ukuta, ongeza wiki mbili.

Hatua ya 3: Fika Rubavu siku moja kabla

Kutoka Kigali mabasi yanatoka Nyabugogo, unapita Musanze, ni masaa matatu mpaka manne hivi. Usifike saa nane mchana ukaanza kutembea, utaingiwa na giza njiani.

Mambo ya kumaliza jioni hiyo: laini ya simu (wanataka pasipoti), faranga, na kurudisha saa yako nyuma. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu akikuambia tuonane saa kumi na mbili asubuhi, ni saa moja ya Dar. Jua linazama kama saa kumi na mbili jioni ya huko na linazama kweli, haliagi.

Halafu piga simu kule utakakolala siku ya kwanza NA ya pili. Sio meseji, piga, upate mtu anayesema ndiyo, alafu asubuhi upige tena. Mi nilishawahi kuambiwa chumba kipo, nimefika na matope mpaka magotini naambiwa kuna semina imechukua vyumba vyote, nikalala sebuleni kwenye makochi mawili yaliyounganishwa, na bei ikawa ileile ya chumba. Sitaji gesti. Tangu siku hiyo napiga mara mbili.

Kama unabeba hema sawa, ila omba ruhusa kabla hujalisimika, iwe kwa mwenye shamba au kiongozi wa kijiji. Ule ni mpaka wa nchi, askari wa doria wanapita ufukweni usiku na hawapendi kukuta tochi inawakawaka isiyojulikana ya nani. Ukikutana nao, salimia, toa pasipoti, sema unatoka wapi unaenda wapi. Usiwapige picha. Na upande wa Goma, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya mpaka, tangu Januari 2025 ulipotekwa na waasi wa M23 mambo yamebadilika sana, kwaiyo habari za mpaka uliza wenyeji wiki hiyohiyo unayosafiri, usitegemee ulichosikia mwaka jana.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Rubavu mpaka Cyimbiri

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Sababu ni jua. Unatembea kuelekea kusini na ziwa liko magharibi, kwaiyo asubuhi vilima vinakuwekea kivuli, lakini kuanzia saa nane jua linakupiga mara mbili, mara moja kutoka juu na mara ya pili kutoka kwenye maji. Ukianza saa tatu utakuwa kwenye kilima kibaya saa ambayo kivuli kimeisha.

Mwanzo ni lami, unapita kandokando ya ziwa mpaka Nyamyumba, kwenye kiwanda cha bia. Sehemu hii ni rahisi na ndio mtego. Watu wanakimbia hapa kwa sababu wamechangamka, begi halijaanza kuuma. Tembea kama mtu anayesindikiza mgeni, yani uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi.

Pale Nyamyumba kuna chemchemi za maji ya moto. Utaitwa ukandwe miguu. Kataa kwa upole, miguu ikilainika kwenye maji ya moto asubuhi, mchana ngozi inachunika.

Onyo ambalo halimo kwenye vitabu vingi vya watalii: ukanda huu wa Rubavu na Goma una mazuku. Neno ni la Kiswahili cha kulekule, ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kutulia kwenye mashimo na sehemu za mabondeni, haionekani, haina harufu, inaua mbuzi na inaua watu. Usilale wala usipumzike kwenye shimo au bonde dogo lisilo na upepo, hasa alfajiri. Ukiona wadudu au ndege wamekufa pamoja sehemu moja, geuka.

Baada ya Nyamyumba lami inaisha, unaingia njia ya vumbi na vilima vinaanza kazi. Migomba, kahawa, mihogo, watoto. Watoto wengi. Watakufuata wanaimba "agacupa, agacupa", maana yake wanaomba chupa tupu ya plastiki. Usigawe hela wala pipi, ukigawa mmoja una msafara wa arobaini mpaka kilima kinachofuata. Wasalimie, waulize majina, wanakuwa walinzi wako wa bure.

Weka masaa saba mpaka nane pamoja na mapumziko. Siku hii imeenda sawa kama umefika Cyimbiri kabla ya saa kumi, bado una nusu lita ya maji, na unaweza kukaa chini ukasimama bila kujishika. Ukifika saa kumi na mbili unachechemea, kesho usitembee. Pumzika siku nzima, ile siku ya akiba kazi yake ndio hii.

Hatua ya 5: Jifunze kuuliza njia

Hapa ndipo wengi wanapotea hivyo nitakaa kidogo. Vibao vya njia vipo sehemu nyingine, sehemu nyingine hamna kabisa, na simu inakuonyesha mstari lakini mbele yako kuna vinjia vitatu vyote vinashuka kwa ziwa.

Kwanza, kipimo cha bure: ziwa liwe mkono wako wa kulia. Likiwa limepotea, sawa, litarudi kulia. Ukiona maji kulia NA kushoto, umeshaingia kwenye rasi, njia itaishia kwa wavuvi. Rudi mara moja, usijiambie labda kuna pa kukatiza.

Pili, usiulize "hii ndio njia ya Kinunu?" huku unanyoosha kidole. Watu wa kule wana adabu, mgeni akinyoosha kidole na kuuliza ndio eeh, wanajibu ndio. Ficha mkono, uliza kwa namna inayomlazimu yeye kunyoosha. Kwa Kinyarwanda: "Inzira ijya Kinunu ni iyihe?" yaani njia ya kwenda Kinunu ni ipi. Halafu taja kijiji kilicho karibu, sio cha mwisho. Ukiuliza Karongi, mtu mwenye akili zake atakuelekeza kituo cha basi, kwa sababu nani anaenda Karongi kwa mguu? Ndio kazi ya ile karatasi ya majina.

Tatu, jihadhari na neno "hafi". Kwa Kinyarwanda ni karibu. "Ni hafi" ya bibi wa miaka sabini aliyebeba kichwani ndoo ya viazi inaweza kuwa saa moja na nusu yako. Uliza hivi badala yake: ukitoka hapa saa hizi unafika saa ngapi? Akikuambia saa sita, weka saa saba na nusu.

Kiswahili kitakusaidia zaidi ya unavyodhani. Rubavu karibu kila mtu anakisikia sababu ya Goma. Vijijini tafuta wavuvi, wafanyabiashara na vijana wa pikipiki, Kiswahili chao ni cha Kikongo, atakuambia "iko mbali kidogo" na hapo kidogo sikiliza sauti sio neno. Akiivuta, kidoooogo, kaa chini unywe maji kwanza.

Maneno ya kushika: Mwaramutse (asubuhi), Mwiriwe (mchana na jioni), Murakoze (asante), Amazi (maji), Haracyari kure? (bado ni mbali?). Salimia KABLA ya kuuliza. Ukiuliza bila salamu utajibiwa, lakini utajibiwa kifupi.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Cyimbiri mpaka Kinunu, siku ya zile simu

Kwenye karatasi hii ni fupi kuliko jana. Ndio maana inaua. Mtu anaamka saa mbili anasema leo mteremko tu, anaagiza omleti, anaondoka saa nne.

Kuna ghuba moja baada ya Nkora ambayo nataka uijue kabla hujaiona. Unatokea juu ya kilima, mbele yako maji, ng'ambo kuna bati za shule zinang'aa na unasikia kabisa watoto wako rises wanapiga kelele. Unasema nusu saa. Njia inageuka kushoto, inakupeleka mbali na shule, inashuka ndani kabisa ya ghuba mpaka kwenye kijito chenye daraja la magogo, halafu inaanza kupanda upande wa pili kwa kona za zigizaga kwenye kahawa. Mara ya kwanza niliangalia saa, masaa mawili na dakika ishirini, na kengele ya shule ilikuwa imelia mara mbili. Ukijua hivyo kabla, unatembea taratibu. Usipojua unakimbizana na ile bati, unaruka maji ya kunywa, unaruka kula, na mguu unaoungua unauambia ngoja tufike kwanza.

Mguu ukiungua, simama pale pale. Sio kijijini, pale pale. Toa kiatu, toa soksi, kausha, bandika plasta kabla lengelenge halijatoka, geuza soksi au badilisha. Dakika kumi. Lengelenge likishajaa na linazuia kutembea, pitisha sindano kwenye moto na spiriti, toboa pembeni chini, kamua maji, ngozi ya juu usiitoe, ndio plasta ya Mungu ile, funika. Ukiona wekundu unapanda au usaha, safari imeisha, tafuta kituo cha afya.

Nkora kuna soko na boti, siku za soko kunachangamka sana. Kula hapo. Na hapo pia ndipo pa kuamua kama unaendelea, kwa sababu pikipiki zipo nyingi. Kipimo changu: saa sita ikukute umeshapita Nkora na umekula. Kama saa nane bado uko Nkora, lala au panda pikipiki mpaka Kinunu, hakuna aibu, kesho unaendelea kwa mguu.

Ukifika Kinunu mapema utaona meza ndefu za kuanikia kahawa, na kama ni msimu utasikia harufu ya maganda yanayochacha kabla hujaona kiwanda. Jioni kaa karibu na maji. Wavuvi wa sambaza (samaki wadogo kama dagaa) wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaimba kwa kupokezana kufuata kasia, na giza likiingia taa zao zinatawanyika ziwani kama mji. Hiyo ndio sababu mi narudi, kahawa kila mtu anayo.

Kuoga ziwani ni sawa, kiboko wala mamba hamna. Ila ziwa linadondoka ghafla, hatua tano uko mguuni hatua ya sita huna chini, sehemu ya kina kirefu inafika mita 480 na zaidi. Kama hujui kuogelea ishia magotini, na uliza wenyeji wanaoga wapi.

Hatua ya 7: Kula na kunywa, kila siku

Asubuhi chai, chapati au mandazi. Njiani ndizi na karanga. Mchana chakula kizito kidogo tu, maharage na viazi au ndizi za kupika, ukishiba sana kilima cha saa nane kitakuhukumu. Usiku kula utakavyo. Sambaza za kukaanga na pilipili ndio zenyewe, ila jua kwamba kila mwaka uvuvi unafungwa kama miezi miwili samaki wazaliane, mara nyingi kuanzia Agosti, usije ukagombana na mpishi.

Maji ya ziwa na kijito yatibu na usubiri muda ulioandikwa kwenye vidonge. ORS moja kila siku saa nane hata kama hujisikii vibaya. Ukikojoa mkojo wa rangi ya chai umechelewa.

Urwagwa, pombe ya ndizi, utakaribishwa. Onja baada ya kufika, sio kabla.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, Kinunu mpaka Musasa

Hii ndio siku ndefu na yenye mwinuko mrefu. Njia inaliacha ziwa na kupanda, kuna muda hulioni kabisa na ukungu wa asubuhi unakaa, watu wanadhani wamepotea. Angalia karatasi yako, uliza kijiji kinachofuata, endelea.

Toka saa kumi na moja na nusu, na tochi. Jaza lita mbili zote. Panda kwa hatua fupi, na tumia fimbo, vijana watakukatia moja kwa hela ndogo. Kwenye mteremko fimbo itangulie, kisha mguu, magoti yako yatakushukuru kesho.

Kama unataka siku tano badala ya nne, igawe siku hii, ulale katikati. Hakuna atakayekupa medali kwa kuimaliza kwa mara moja.

Ukiwa juu na ukaona ziwa lote chini yako na visiwa, halafu una nguvu ya kutoa simu upige picha, uko salama. Wanaokaribia kukwama hawapigi picha.

Hatua ya 9: Siku ya nne, kuingia Karongi

Sehemu ya leo ni lami, barabara kuu ya Kivu. Huku magari yanapita kulia, sio kama kwetu, kwaiyo wewe tembea KUSHOTO ili gari linalokuja uliangalie usoni. Miaka yote macho yako yamezoea kinyume, kuvuka angalia pande zote mbili mara mbili. Kona ni nyingi na malori yanakata.

Lami inapiga nyayo, badilisha soksi kila masaa mawili.

Ukilazimika kuacha katikati

Barabara ya lami iko juu ya njia yako karibu safari nzima, upande wa kushoto, mlimani. Karibu kila kijiji kina pikipiki ya kukupandisha, patana bei kabla, vaa helmeti (ni sheria, na mnapanda mmoja tu), ukifika lamini unasubiri basi la Rubavu au Karongi. Polisi ni 112, ambulensi ni 912. Usishuke usiku kutafuta njia ya mkato kwenda lamini, lala ulipo, kwa mwalimu, kwa padri, kwa mwenyekiti, kubisha hodi ni kitu cha kawaida.

Ukishafika Karongi

Nyumba za wageni zipo za kila bei, zile za kanisa juu ya ziwa ni safi na hazina kelele. Lala siku mbili. Mji una kanisa lenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, ukienda nenda kwa utulivu, usiingie unacheka na fimbo yako mkononi. Mchana chukua boti ya kwenda kisiwa cha Napoleon, popo wa matunda wamejaa mitini, ukipiga makofi anga linakuwa jeusi, lakini usipige, waache walale.

Basi la Kigali ni kama masaa matatu. Kata kiti cha mbele, kona za ile barabara na tumbo lililojaa sambaza havipatani. Viatu visafishe hapohapo gesti kabla matope hayajakauka, na fimbo mwachie mtu wa geti, kuna mwenzako atakayekuja wiki ijayo anaihitaji.